Fungueni Masanduku: Wito kwa Watu wa Kigoma na Ujiji

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, na nyinyi wa mwambao wote wa ziwa kuanzia Kagunga hadi Kalya, nawaandikia kuomba kitu ambacho wengi mnacho nyumbani na pengine hamjakigusa kwa miaka. Ni lile sanduku la bati lililo uvunguni, kabati la marehemu baba ambalo funguo yake haijulikani ilipo, au mfuko wa rambo uliosukumwa darini. Ndani mna kaseti, kaunta buku za nyimbo, picha za bendi, barua zilizotoka redioni, kadi za mialiko ya ngoma, nota za kwaya zilizoandikwa kwa mkono. Naomba msizichome, na madaftari msimpe muuza karanga akafungie. Halafu naomba na la pili, lenye kazi zaidi: zitoeni, ziandikeni majina, na tushirikiane kuzitafutia chumba kimoja cha kuzihifadhi hapahapa mjini.

Najua mtu atasema huyu kapenda mambo ya kale, na sisi tuna shida ya maji na bei ya dagaa. Mwenye kusema hivyo avumilie kidogo nimsimulie habari za msomi mmoja wa muziki, Klaus Wachsmann, ambaye kazi yake ilifanyika kwa jirani zetu Uganda. Mkishasikia yaliyowapata Waganda, mtaona kwa nini nina haraka.

Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907. Alisomea taaluma ya muziki katika mji huohuo, na mmoja wa walimu wake alikuwa Erich von Hornbostel, mkuu wa hazina ya sauti ya Berlin. Huyu Hornbostel anatuhusu na sisi watu wa magharibi. Mwaka 1909 alichapisha makala kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, watu walewale ambao kwa miaka mingi walikuwa wakishusha mizigo ya misafara pale Ujiji. Nyimbo hizo alizisikiliza Ujerumani, kutoka kwenye silinda za nta zenye uwezo wa kubeba dakika chache tu za sauti, akazirudiarudia mpaka akaziandika nota. Sauti ya mpagazi ilifika Berlin kabla reli haijafika Kigoma.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Hornbostel alifukuzwa kazi kwa sababu mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Alifariki Cambridge miaka miwili baadaye. Wachsmann naye alikuwa na nasaba ya Kiyahudi, na milango ya vyuo vya kwao ikamfungia. Akahamia Uswisi, akapata shahada ya udaktari Fribourg mwaka 1935 kwa utafiti wa nyimbo za kale za Kanisa, kisha akaenda London kujifunza lugha za Kiafrika. Mwaka 1937 akaingia Uganda kufanya kazi ya elimu kwenye misheni za Kiprotestanti. Hebu mfikirie: mtu aliyezama katika nyimbo za watawa wa Ulaya wa karne za mwanzo, sasa yuko Kampala, anasikia amadinda, marimba ya Waganda, ikipigwa na watu wanaokaa pande mbili za chombo kimoja, kila mmoja akiingiza pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake, hata msikilizaji akasikia wimbo wa tatu ambao hakuna aliyeupiga peke yake.

Mwaka 1948 alikabidhiwa Makumbusho ya Uganda. Makumbusho hayo yalikuwa yameanza mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya kapteni Mwingereza Lugard, na wenyeji waliyaita nyumba ya mahirizi, maana waliona Wazungu wamerundika humo vitu vya watu vyenye nguvu zake. Wachsmann alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko vitabu vyake vyote. Aliona ngoma iliyofungiwa kwenye kabati la kioo haimwambii mtazamaji kitu, akaajiri wapigaji. Aliyeingia makumbusho aliweza kukisikia chombo kikipigwa na mtu anayekijua. Mmoja wa wapigaji wa makumbusho hayo alikuwa Evaristo Muyinda, fundi aliyelelewa katika muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ni kwa huyohuyo Muyinda kijana wa Austria aliyeitwa Gerhard Kubik alikwenda kujifunza amadinda mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kubik baadaye akawa mmoja wa wasomi wakubwa wa muziki wa Afrika. Vitabu vinamtaja mwanafunzi sana. Mimi namtaja mwalimu.

Kuanzia mwaka 1949 Wachsmann alizunguka Uganda na mashine ya kurekodia, na mashine ya zama zile haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Alirekodi vipande zaidi ya elfu moja, katika ikulu na vijijini, kwa watu wa lugha nyingi. Kila kipande alikiandikia maelezo. Mwaka 1953 yeye na Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, walitoa kitabu kikubwa cha kazi za mikono za Uganda, na sehemu ya vyombo vya muziki iliandikwa na Wachsmann. Vyombo vimeelezwa humo kwa jicho la fundi: mti gani, ngozi ya mnyama gani, kimewambwa vipi, nani hukipiga. Aliondoka Uganda mwaka 1957, akafanya kazi London, kisha akafundisha vyuo vikuu vya Marekani, Los Angeles na baadaye Northwestern. Alifariki Uingereza mwaka 1984.

Sasa sikilizeni lililotokea baada ya yeye kuondoka. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yalishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Kabaka alikimbilia uhamishoni, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Wapigaji wa ikulu walikuwa na utaratibu wao wa miaka mingi: zamu zao, vijiji vyao, na ardhi waliyopewa kwa ajili ya utumishi huo. Utaratibu ukavunjika siku moja na watu wakatawanyika. Ufalme wa Buganda uliporudishwa mwaka 1993, zilikuwa zimepita zaidi ya robo karne, na wengi wa wazee waliojua walikuwa wamekwishakufa. Sauti zao zilikuwapo, ila zilikuwa London, katika hazina ya sauti ya Maktaba ya Uingereza, pamoja na maelezo ya Wachsmann.

Wasomi wa Makerere, akiwamo Sylvia Nannyonga-Tamusuza, walilishughulikia jambo hilo mpaka nakala zikaanza kurudi. Leo Chuo Kikuu cha Makerere kina hazina ya sauti na picha yenye jina la Wachsmann. Nafurahi kila nikilikumbuka. Lakini pia nakereka, na sioni sababu ya kuficha. Mjukuu wa mpiga ngoma alilazimika kuomba nakala ya sauti ya babu yake kutoka ng'ambo ya bahari, na akatakiwa kushukuru. Alishukuru kwa haki kabisa, kwa sababu bila yule Mjerumani aliyekimbia kwao kusingekuwa na cha kuomba.

Kenya nao wana kisa chao. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekwenda kulima tumbaku Rhodesia Kusini na kuanza kukusanya nyimbo za Wakaranga waliofanya kazi naye, alipita Afrika Mashariki mwaka 1950 akirekodi, Tanganyika ikiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika kule Afrika Kusini, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Miongoni mwa alivyorekodi ni wasichana wa Kipsigis wa Kapkatet, wakiimba wimbo uliobeba jina la mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye santuri, wakalitamka kwa namna yao likawa Chemirocha. Katikati ya miaka ya 2010, wahifadhi wa Rhodes pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizipeleka nakala hadi vijijini kwa familia za walioimba. Iliwezekana kuwatafuta kwa sababu moja tu. Tracey alikuwa na tabia ya kujaza kadi kwa kila wimbo: mahali, tarehe, lugha, jina la mwimbaji, aina ya chombo. Bila kadi, angekwenda nani Kapkatet, na angemuuliza nani?

Hapo ndipo penye wito wangu. Tunapozungumzia kuhifadhi muziki tunawaza sauti tu, na tunasahau karatasi. Kaseti isiyo na maandishi, mwenyewe akishafariki, inabaki sauti ya mtu asiyejulikana akiimba mahali pasipojulikana. Nimeshika kaseti ya namna hiyo, ya dakika tisini, stika yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Harusi No. 2". Harusi ya nani? Ya mwaka gani? Namba moja iko wapi? Ndani mna mama mwenye sauti ya kusimamisha nywele, anaimba Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya ng'ambo ya ziwa, na wanawake wanamwitikia. Kila niliyemsikilizisha alisema anamfahamu, na kila mmoja alitaja jina tofauti.

Wala tusingoje Wachsmann wetu aje. Kwanza zama zile zimepita. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, wasomi wale wa mwanzo walipenda sana kile walichokiona ni cha asili halisi. Walitafuta ngoma ya kabila moja, kijiji kimoja, isiyoguswa na pwani wala na gitaa. Tracey angalau alikuwa na sikio pana, maana mwaka 1952 kule Jadotville alimrekodi Jean Bosco Mwenda na gitaa lake, akiimba Kiswahili cha Katanga. Lakini Ujiji ingewatia tabu. Muziki wetu ni mchanganyiko tangu siku ya kwanza. Kuna Waha na Wajiji wenyewe, Wamanyema waliovuka ziwa, Wabwari, Wagoma, Wabembe, Watongwe, Waswahili wa pwani waliokuja na misafara, halafu reli ikafika tarehe 1 Februari 1914 na kuleta wengine wa kila upande. Kuna zikri za Kadiria na kasida za madrasa, kwaya za parokia na za Kipentekoste, taarabu, dansi, ngoma za harusi. Kwa mtafuta asili halisi hii ni vurugu. Kwangu mimi hiyo ndiyo mali yenyewe, na haitaandikwa vizuri na mtu yeyote asiyekaa humu.

Kuna wasomi wa Kiafrika waliotuonyesha njia. J. H. Kwabena Nketia, aliyezaliwa Mampong, Ghana, mwaka 1921 na kufariki mwaka 2019, alianza kukusanya muziki wa watu wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kazi alizozikusanya zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Ghana, nchini kwao. Hapa kwetu Tanzania, Padri Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati ambapo parokia nyingi bado ziliona ngoma ni kitu cha kuachwa nje ya mlango. Washington Omondi wa Kenya aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kinubi cha Wajaluo, watu wa kwao. Hawa hawakungoja kuandikwa.

Na msiniambie karatasi haziwezi kudumu hapa. Mgeni yeyote akishuka Kigoma tunampeleka Ujiji kumwonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, tunamwonyesha miembe, tunampiga picha. Tunachosahau kumwambia ni habari ya karatasi. Miezi michache kabla ya kukutana na Stanley, Livingstone alikuwa Nyangwe, Manyema, ameishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani la London, akaligeuza upande, akaandika shajara yake juu ya maandishi ya chapa kwa wino alioukamua kutoka kwenye mbegu za mmea wa kulekule. Katika kurasa hizo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai. Akarudi nazo Ujiji mwezi Oktoba, amedhoofika hata kutembea ni shida. Kurasa zikaishia Scotland, wino ukafifia mpaka maneno hayasomeki, watu wakazitunza tu. Kufikia mwaka 2011 wataalamu walikuwa wamezipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na maneno yakajitokeza. Gazeti kuukuu lililoandikwa kwa maji ya mbegu limedumu miaka 150 na ushei. Kaunta buku ya mwalimu wako wa kwaya ina karatasi bora kuliko hiyo.

Tuje kwenye masanduku yenyewe. Nani ana picha ya Lake Tanganyika Jazz, bendi ya mji huu? Nani ana mashairi yake? Nauliza mashairi kwa makusudi. Zama za Radio Tanzania, bendi haikuingia studio hivihivi. Mashairi yalikaguliwa kwanza, na kwa hiyo ilibidi yaandikwe. Bendi nyingi zilikuwa na katibu, na katibu alikuwa na faili. Faili hilo halikwenda mbinguni. Liko kwa mjane wake Mwanga, au kwa mwanawe Gungu anayelitumia kuwekea bili za umeme.

Wanakwaya, mna nota za d, r, m zilizoandikwa na walimu ambao wengine wametangulia mbele ya haki. Nyimbo hizo bado mnaziimba, ila jina la mtunzi limepotea na mmezoea kusema ni wimbo wa zamani. Walimu wa madrasa, mna madaftari ya kasida yenye mwandiko wa mashekhe. Kina mama wa Ujiji, nyimbo za harusi na za kufunda mnazo kichwani, na wachache mmeziandika. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga, kuna nyimbo za kuvuta nyavu ambazo zimenyamaza tangu mashine zianze kunguruma, na wanaozikumbuka wana mvi. Ndugu zetu mliokuja na vita vya Kongo na Burundi, mkaanzisha kwaya Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, hayo nayo ni madaftari ya Kigoma, hata kama kesho mtarudi kwenu.

Kuna na jambo la Buha ambalo linanikumbusha Mengo. Falme za Buha, Heru ya Mwami Theresa Ntare pamoja na nyinginezo, zilikuwa na ngoma zake na watu wake wa kuzipiga. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, kwa amani, bila risasi, na nadhani ndiyo sababu hatukushtuka. Kitu kikivunjwa kwa mabomu watu wanakimbilia kuokoa mabaki. Kikifutwa kwa karatasi kinayeyuka polepole na hakuna anayeona. Mzee aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka ule, leo amevuka 75. Kasulu, Kibondo, Buhigwe, mwulizeni sasa.

Jirani zetu pande zote mbili hawakulala. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Rumba ya Kongo iliingizwa mwaka 2021 kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Orodha hiyo haiingiwi kwa kelele. Inataka faili lenye maelezo, picha, ushahidi kwamba jamii yenyewe imeridhia. Sisi tuko katikati ya hao wawili, damu moja nao, na tukiulizwa faili tutatoa nini? Kwa kudai wasanii hatuna mpinzani. Kila nyota wa bongo fleva mwenye shangazi Kigoma tumemsajili. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoa Leka Dutigite, mkoa mzima ulitembea kifua mbele, na kwa haki. Ila tukiulizwa nani alikuwa anaimba Ujiji kabla ya hao, na nani alimfundisha nani, tunakohoa.

Basi tufanye hivi. Fungua sanduku mchana, mahali pakavu, penye hewa. Kaseti yenye unga mweupe kwenye ukanda ina ukungu. Usiicheze, maana itachafua mashine na kujeruhi ukanda wenyewe. Itenge na nyingine uiweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo nailoni inayofuga unyevu. Kaseti nzima iangalie mgongoni: kuna vipande viwili vidogo vya plastiki pembeni. Vivunje kwa ncha ya bisibisi. Hapo hakuna mjukuu atakayebonyeza kitufe kwa bahati mbaya na kurekodi katuni juu ya sauti ya bibi. Kabla ya kuipiga, izungushe taratibu kwa kalamu ya risasi uone kama haijakwama, na kile kisponji kidogo kilicho katikati kama kimedondoka usiilazimishe. Yupo fundi redio sokoni anayejua kukirudisha.

Halafu andika. Usingoje kusikiliza yote. Chukua karatasi, andika unachojua leo: nani anaimba, nani anapiga nini, wapi, mwaka gani au angalau kabla ya tukio gani, lugha gani, nani alirekodi, kaseti imefikaje kwenu. Usipojua mwaka, andika "kabla ya baba kustaafu reli" au "mwaka meli ya Liemba ilipokuwa matengenezo". Msomi wa baadaye atajua la kufanya. Picha ziandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, siyo ya wino inayopenya, na majina yafuatane kutoka kushoto. Mwite mzee jirani akae nanyi, mmwekee chai. Yeye atasema, kijana aandike, na simu irekodi mazungumzo yao. Kazi hii wanafunzi wa sekondari wanaiweza kabisa, na walimu wa Kiswahili mnaolalamika kwamba vijana hawajui fasihi simulizi, mmeipata hiyo bila kununua kitabu.

Najua wasiwasi wenu, nami ninao. Mtu atasema, nikitoa kaseti zangu mtazirusha mtandaoni mpate hela. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo asili ibaki mali ya familia, hazina ichukue nakala tu, na kila kitu kiandikwe na kusainiwa: kusikilizwa hapa chumbani, kutumika shuleni, au kufungwa kabisa mpaka familia iseme. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na watunzi wengi waliokufa bado wana warithi wenye haki. Nyimbo za kufunda wali siyo za kuchezwa kwenye bajaji. Zikri siyo tamasha. Wenye mambo yao ndio watakaosema kipi kisikilizwe na nani, na akina mama wakisema sanduku hili lisifunguliwe na mwanamume, lisifunguliwe. Na wale wenye ugomvi wa bendi ulioanza zama za baba zao, tafadhali kila upande ulete faili lake. Mkipingana kwenye karatasi ndiyo vizuri zaidi.

Nyumba zisizo na sanduku nazo zina kazi. Mafundi simu wa Mwanga, mnajua kuhamisha sauti kutoka kaseti kwenda kompyuta. Jitoleeni kwa saa chache, na msihifadhi kwenye fulashi moja tu. Nakala mbili, mahali pawili tofauti, hicho ndicho kiwango cha chini. Watangazaji wa redio zetu za mjini, pigeni kipande cha sauti isiyojulikana kila wiki na mwulize mjini nani huyu. Mtashangaa simu zitakavyoingia. Watoto wa Kigoma mlioko Dar, Muscat na Ulaya, ulizeni nyumbani kuhusu sanduku kabla ya kutuma hela za kubomoa chumba cha nyuma. Na nyinyi wanafunzi wetu mnaosomea muziki na historia vyuoni, mkitafuta mada ya utafiti msiende mbali.

Kwa Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji ombi langu ni dogo na linaeleweka. Tunahitaji chumba kimoja chenye paa lisilovuja, madirisha yenye nyavu, feni, rafu za chuma zilizoinuliwa kutoka sakafuni, kompyuta moja, na mtumishi mmoja anayejua kuandika orodha. Chumba kinaweza kuwa ndani ya makumbusho ya Ujiji, ambapo wageni wanakuja tayari na sasa wanaondoka wakiwa wamesikia habari za Wazungu wawili tu. Kinaweza kuwa maktaba. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iombwe ushauri wa kitaalamu tangu mwanzo, ili orodha yetu iandikwe kwa utaratibu unaosomeka kwingine. Na wapigaji wazee waalikwe humo wapige, kwa posho halali, kama Muyinda alivyoajiriwa Kampala.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio hupitishwa na baraza la madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo, na ombi lisiloingia kwenye makadirio husubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo kila kata iandike barua yake: Kasingirima, Rusimbi, Kitongoni, Machinjioni, Buzebazeba, Bangwe, zote. Ieleze nini kimepatikana majumbani, kaseti ngapi, madaftari mangapi, picha ngapi, na nani wako tayari kuvitoa kwa kunakiliwa. Majina na sahihi za wakazi ziwe chini yake. Barua ipitie kwa mtendaji wa kata apige muhuri, nakala apewe diwani mkononi, na ya tatu ibaki kwenye sanduku lako.